Satelaiti inayojipangia kazi, na swali la nani anaandika orodha yake

Julai 2025 Shirika la Anga za Juu la Marekani, NASA, lilitangaza jaribio ambalo halikupigiwa kelele nyingi. Satelaiti ndogo yenye ukubwa wa mkoba wa ofisini, CogniSAT-6, ilitazama mbele kwenye njia yake umbali wa kama kilomita 500, ikachunguza ilichokiona, ikaamua yenyewe wapi pa kuelekeza kamera na wapi pa kupuuza. Kazi yote hiyo ilichukua kati ya sekunde 60 na 90, satelaiti ikienda kasi ya karibu kilomita 27,000 kwa saa. Hakuna binadamu aliyebonyeza kitufe.

Chombo hicho ni cha kampuni ya Open Cosmos ya Uingereza, na kompyuta ya akili mnemba iliyomo ndani yake ni ya kampuni ya Ubotica. Programu ya kufanya uamuzi ilitoka maabara ya JPL ya NASA, Pasadena, jimbo la California, katika kundi linaloongozwa na mwanasayansi wa kompyuta Steve Chien.

Anayevusha maharage au vitenge kupitia Gisenyi ana haki ya kuuliza hayo yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu kazi hii haikuanza jana, na moja ya sehemu za kwanza duniani ambako ilitumika kwenye janga halisi ni kaskazini mwa Goma, kwenye milima ile ile inayoonekana kutoka foleni ya Petite Barrière. Habari ya huyu bwana, ikifuatwa vizuri, inatuonyesha nini teknolojia hii inaweza kutufanyia na nini haiwezi, na pia wapi sisi wa Afrika Mashariki tumekaa kwenye foleni yake.

Chien hakusomea roketi. Alisoma sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Illinois, shahada ya kwanza hadi ya uzamivu, akaajiriwa JPL mwaka 1990, na hadi leo yuko hapo hapo. Neno akili mnemba limechoka siku hizi, maana hata anayeuza programu ya kutengeneza bango la duka analitumia. Katika miaka ya tisini lilikuwa jina la kazi ngumu isiyo na umaarufu, na upande alioushika Chien ulikuwa ule usiopendeza kabisa kuusimulia: kupanga ratiba.

Wafanyabiashara wataielewa kazi hii haraka kuliko watu wengine. Chukua mtu mwenye fuso moja na oda saba. Nyanya haziwezi kulala njiani, saruji inaweza. Mteja wa Bukavu amelipa nusu, wa Butembo hajalipa lakini hununua kila wiki. Mafuta yanatosha safari mbili, mpaka unafungwa jioni, na dereva amepiga simu kusema daraja limebomoka. Mwenye fuso anapanga upya kichwani akiwa amesimama pale pale, anaiacha oda moja ili kuokoa tatu.

Satelaiti ina shida hiyo hiyo. Oda za picha ni nyingi kuliko muda wake. Umeme wake ni wa paneli za jua na betri, nafasi ya kuhifadhi picha hujaa, na mzigo anaoubeba unaweza kushushwa pale tu anapopita juu ya kituo chenye dishi la kupokea. Kuigeuza kamera kutoka shabaha moja kwenda nyingine nako kunakula dakika. Kwa miaka mingi watu walikaa ofisini wakapanga yote hayo wiki nzima kabla, wakaituma ratiba juu, na satelaiti ikaitii neno kwa neno. Kama wingu limefunika shabaha, ilipiga picha ya wingu. Kama mlima umelipuka pembeni mwa njia yake, iliupita. Kundi la Chien lilitunga programu mbili za kuondoa uzembe huo: ASPEN, ya kupanga ratiba kutoka ardhini, na CASPER, iliyo nyepesi kiasi cha kuwekwa ndani ya chombo chenyewe ili kipange upya kikiwa safarini.

Mtihani ulikuwa satelaiti iitwayo Earth Observing-1, au EO-1. Ilirushwa Novemba 2000 kutoka Vandenberg, California, kwa kazi ya mwaka mmoja tu ya kujaribu kamera mpya. Mwaka ulipokwisha ilikuwa bado nzima, na jambo hilo ndilo lililofungua mlango: chombo ambacho tayari kimelipa deni lake kinaweza kukabidhiwa watu wenye mawazo ya hatari. Kuanzia 2003 programu ya kujiamulia ilianza kupandishwa humo kipande kwa kipande. Chien aliifanya na watu wengi, akiwemo mtaalamu wa volkano Ashley Davies wa JPL, na Dan Mandl wa kituo cha NASA cha Goddard, aliyesimamia uendeshaji wa satelaiti yenyewe.

Kompyuta ya EO-1 ilikuwa na kasi ya megahezi 12. Simu janja ya bei rahisi inayouzwa leo stendi ya Kariakoo ina kasi mara mia na zaidi. Kwa hiyo programu haikuweza kuwa na makuu. Baada ya kupiga picha ya mlima, ilihesabu ni nukta ngapi ndani ya picha zinatoa joto la lava, yaani mawe yaliyoyeyuka. Zikizidi kiwango fulani, ilifuta oda yenye kipaumbele cha chini na kuweka mahali pake picha nyingine ya mlima ule ule, kisha ikatuma chini muhtasari mdogo kabla ya mzigo mzima. Mei 2004 iliona joto kwenye ziwa la lava la mlima Erebus, Antaktika, ikajipangia kurudi, na saa chache baadaye ikapiga tena. Kufikia mwishoni mwa mwaka huo programu ndiyo iliyokuwa ikiendesha shughuli za kila siku, na kwa hesabu za JPL gharama za uendeshaji zilipungua kwa zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka. Mwaka 2005 ilishiriki tuzo ya NASA ya programu bora ya mwaka.

Hatua iliyofuata ndiyo inayotugusa. Waliacha kuitegemea EO-1 ijionee kila kitu, wakaiunganisha na macho mengine: satelaiti za aina nyingine, vipimo vya mitetemo vilivyo ardhini, taarifa za vituo vya volkano. Habari ikiingia kutoka popote kwamba mlima umeamka, oda ya picha inaandikwa na kompyuta na kupandishwa juu.

Mwishoni mwa Novemba 2006 Nyamulagira ililipuka. Mlima huo uko ndani ya hifadhi ya Virunga, ambako kwa miaka hiyo kumfika mtu kwa miguu kulitegemea ruhusa ya hali ya usalama kuliko ya hali ya hewa. Wataalamu wa Goma walijua mlima unatapika. Walichohitaji kujua ni ufa umefunguka upande gani na lava inateremkia wapi. EO-1 ilielekezwa huko. Mawingu ya Virunga yanajulikana kwa ubishi wake, lakini ndani ya siku chache picha za joto zilipatikana na mahali pa ufa pakajulikana. Davies, Chien na wenzao wameliandika tukio hilo kama mfano wa mfumo wao ukifanya kazi kwenye janga la kweli.

Sasa lazima tuwe wakweli, maana habari za aina hii huwa zinaishia kwenye makofi.

EO-1 ilizimwa Machi 2017. Mafuta ya kuirekebisha njia yake yalikuwa yamekwisha miaka kadhaa nyuma. Miaka minne baadaye, jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jirani yake Nyamulagira, yaani Nyiragongo, ulipasuka. Zaidi ya watu 30 walikufa. Lava ilisimama ukingoni mwa Goma upande wa Buhene, tofauti na Januari 2002 ilipopita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege na kumiminika Ziwa Kivu. Safari hii iliikata barabara ya Rutshuru, njia inayoilisha Goma maharage, viazi na mboga.

Mtu angeweza kusema: laiti satelaiti ile ingekuwa hai, watu wangeonywa. Nimeisikia hoja hiyo mara nyingi, na si sahihi. Utafiti uliochapishwa 2022 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba vyombo vya ardhini vilianza kuona mitetemo isiyo ya kawaida takriban dakika 40 tu kabla ya mlipuko. Ziwa la lava la Nyiragongo huwa na joto miaka yote, kwa hiyo hata kamera yenye akili kiasi gani ingeona joto lile lile la jana. Kituo cha volkano cha Goma chenyewe kilikuwa kimedhoofika, maana ufadhili wa Benki ya Dunia ulikuwa umekwisha mwaka uliotangulia.

Mahali ambapo macho ya angani yana thamani ni siku zinazofuata. Ndizo siku ambazo mfanyabiashara hupoteza mtaji. Baada ya mlipuko wa 2021 ardhi ya Goma iliendelea kutetemeka kwa siku nyingi, nyufa zikafunguka barabarani, na picha za satelaiti za rada zilionyesha kwamba miamba iliyoyeyuka imejipenyeza chini ya mji na kuelekea chini ya ziwa. Tarehe 27 Mei serikali ya kijeshi ya Kivu Kaskazini iliamuru sehemu kubwa ya mji ihamwe. Mamia ya maelfu ya watu waliondoka, wengine Sake, wengine kwa mashua, wengine wakavuka Gisenyi na magodoro kichwani. Wakaanza kuruhusiwa kurudi Juni.

Katika siku kama hizo, aliye na shehena ya samaki wabichi upande wa Rwanda, au tani za unga kwenye stoo karibu na soko la Virunga, anahitaji majibu matatu tu. Barabara ipi imekatika na kwa urefu gani? Lava bado inatembea au imesimama? Nihamishe mzigo au niuache? Kati ya picha inayofika baada ya saa sita na ile inayofika baada ya siku tatu, tofauti ni nyanya zilizouzwa na nyanya zilizomwagwa. Jaribio la Julai linalenga pengo hilo hasa. NASA ilianza na mawingu kwa sababu ndiyo yanayoharibu picha nyingi, na imesema programu hiyo itafundishwa pia kusaka joto, la moto wa misitu na la volkano.

Kazi ya Chien haikuishia duniani, ingawa kwa msomaji wa ukurasa huu upande huo naupita haraka. Ujumbe wa redio kwenda Mirihi huchukua kati ya dakika tatu na 22 kutegemea sayari zimekaaje, kwa hiyo gari lililoko huko haliwezi kusubiri maelekezo kwa kila jiwe. Kundi lake la JPL lilitoa programu ya AEGIS, iliyoongozwa na Tara Estlin, inayoliwezesha gari kuchagua jiwe lenyewe. Imetumika kwenye Opportunity, Curiosity na Perseverance. ASPEN ilisaidia kupanga kazi za kisayansi za chombo cha Ulaya cha Rosetta kilipokuwa kikikizunguka kimondo cha mkia 67P kati ya 2014 na 2016. Na kwenye Kituo cha Anga cha Kimataifa, kifaa cha ECOSTRESS, kinachopima joto la mimea ili kujua kama shamba lina kiu, kimepangiwa ratiba kwa programu ya kundi hilo.

Kuna upande mwingine wa kazi yake ambao huandikwa kidogo, nao kwa maoni yangu ndio wenye siasa. Mwaka 2018 Bunge la Marekani liliunda Tume ya Usalama wa Taifa kuhusu Akili Mnemba, chini ya Eric Schmidt, aliyewahi kuwa mkuu wa Google. Chien alikuwa mmoja wa makamishna 15. Ripoti yao ya Machi 2021 iliiona teknolojia hii kwa jicho la ushindani na China: nani atatangulia, nani ataachwa. Simlaumu mtu kwa kuitumikia nchi yake. Ila inafaa tukumbuke kwamba mikono inayoandika vipaumbele vya satelaiti ni ya watu wenye serikali, bajeti na hofu zao.

Hapo ndipo lilipo neno zito katika habari hii yote, kipaumbele. CASPER ilipofuta oda moja na kuweka nyingine, haikutumia busara yake. Ilisoma namba iliyoandikwa na mtu kando ya kila oda. Nyamulagira ilipigwa picha 2006 kwa sababu kulikuwa na wanasayansi waliojua umuhimu wake na walioweza kupiga simu kwa wenye satelaiti. Thailand ilipofunikwa na mafuriko 2011, ilikuwa na taasisi yake ya maji iliyofanya kazi moja kwa moja na kundi la JPL, na picha zikawa zinaombwa na kompyuta kila siku. Namibia nayo iliingia mpango wa namna hiyo na Goddard kwa mafuriko ya kaskazini mwake, kupitia idara yake ya hidrolojia. Nchi mbili hizo hazikuwa na satelaiti iliyolingana na EO-1. Zilikuwa na ofisi inayojulikana, yenye mtu wa kupokea simu.

Sisi tumechukua njia nyingine. Kenya ilipeleka satelaiti yake ndogo ya 1KUNS-PF mwaka 2018, Rwanda ikafuata na RwaSat-1 mwaka 2019, Uganda na PearlAfricaSat-1 mwaka 2022, kisha Kenya tena na Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023, iliyorushwa kutoka Vandenberg, kituo kile kile kilichoirusha EO-1. Sizidharau. Vijana waliozijenga wamejifunza kazi, na kujifunza ndiko kulikokuwa lengo kubwa. Lakini kila nchi imerusha kivyake, kwa bendera yake, na satelaiti moja ndogo haipiti juu ya Virunga kwa wakati unaotaka wewe.

Kilichokaribia kuwa ofisi ya pamoja ni kituo cha RCMRD cha Nairobi, kilichoanzishwa 1975 na kinachohudumia nchi nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika. Tangu 2008 kilikuwa makao ya SERVIR, mpango wa NASA na shirika la misaada la Marekani, USAID, wa kuzigeuza picha za satelaiti kuwa ramani za mafuriko, ukame na mazao. Mwaka 2025 Marekani iliivunja USAID, na mpango huo ukapoteza mguu mmoja. JPL nayo haijasalimika: Februari 2024 ilipunguza wafanyakazi wapatao 530, na Novemba mwaka huo wengine zaidi ya 300. Anayetegemea kwamba mtu wa Pasadena atakumbuka Goma kila mlima ukitikisika, anategemea ofisi ambayo yenyewe haina hakika ya mwaka ujao.

Kongo imekuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Mlima uko Kongo, wakimbizi wake hulala Rwanda, unga na mafuta ya kupikia hutoka Uganda, Kenya na Tanzania. Hasara ya barabara moja ya Rutshuru inagawanywa katika nchi tano. Hata hivyo, jambo hili huachiwa Kinshasa, kama kwamba lava inauliza pasipoti. Kuomba picha ya dharura hakuhitaji kumiliki satelaiti. Kunahitaji orodha ya sehemu za hatari iliyokubaliwa mapema na wenye satelaiti, iwe NASA, Shirika la Anga la Ulaya au kampuni binafsi kama zile zilizoshiriki jaribio la Julai. Mtaalamu wa zamu mwenye mamlaka ya kuomba bila kungoja saini za mawaziri. Na njia ya kumfikishia mtu wa sokoni jibu kwa Kiswahili na Kinyarwanda, kwenye simu yake. Kifaa cha tatu ndicho rahisi kuliko vyote na ndicho kinachosahauliwa zaidi. Mwaka 2021 wengi walihama au kubaki kwa kusikiliza sauti za WhatsApp zisizo na mwenyewe.

Vita vimeongeza ugumu. Tangu mwisho wa Januari 2025 Goma iko mikononi mwa M23, na nani ana haki ya kuomba picha ya mji huo sasa ni swali la kisiasa kabla halijawa la kiufundi. Hiyo ni sababu nyingine ya ombi kutoka kwenye chombo cha kanda, RCMRD au sekretarieti ya Arusha, ambacho hakilazimiki kwanza kusema mji ni wa nani ndipo kiulize lava iko wapi.

Ndani ya kreta ya Nyiragongo lava ilionekana tena kabla ya mwaka 2021 kwisha. Nyamulagira nayo haijatulia. Usiku usio na mawingu, wauza samaki wanaosubiri geti lifunguliwe upande wa Gisenyi huuona mwanga mwekundu juu ya mji, nao ndio wa kwanza kuuona kabla ya satelaiti yoyote.